Maziwa Yasiyopita Motoni

Ukimuuliza mtu wa Olmotonyi nyumbani kwa Nkasiogi ni wapi, atakuonyesha kwa kidevu tu, kule juu ambako mashamba yanapakana na msitu, kisha atakuuliza kama umefuata maziwa. Ndivyo mwanamke yule alivyojulikana. Hakuwa kiongozi wa kikundi wala wa kwaya, na kanisani alikaa viti vya nyuma karibu na mlango, lakini maziwa yake yalikuwa na jina. Vibuyu vyake alivisugua ndani kwa kijinga cha mzeituni mwitu mpaka vikanukia moshi, kama alivyofundishwa na mama yake. Chai iliyopikwa kwa maziwa hayo watu waliisifia hata misibani, mahali ambapo adabu inamtaka mtu anywe na kunyamaza.

Alikuwa mjane wa Kiarusha, amevuka miaka sitini bila kelele. Mumewe alimwachia shamba la mahindi na maharage, ng'ombe wa maziwa, na mtoto mmoja wa kiume, Tajeu. Kabla ya Tajeu alikuwepo binti. Huyo binti aliachishwa ziwa mwaka wa ukame, mwaka ambao ng'ombe walianguka malishoni na hawakuinuka, na Nkasiogi akamlisha uji mtupu wa maji mpaka nywele zikawa nyekundu na miguu ikavimba. Alimzika kabla hajajua kusema. Hakupenda kumzungumzia. Ila tangu hapo mtoto mwembamba alimtia hofu kama wengine wanavyotiwa na nyoka, na kila mtoto aliyekatiza uani kwake alipewa kikombe cha maziwa ya moto kabla hata hajaulizwa ni wa nani.

Na ninasema ya moto kwa makusudi, maana Nkasiogi hakuwa mjinga. Bwana mifugo aliwafundisha zamani kwamba maziwa mabichi yana homa ndani yake, naye alilishika somo hilo. Sufuria yake ya maziwa haikujua kukaa mbali na jiko.

Tajeu alikua, akasoma kiasi, akawa dereva wa kupeleka watalii mbugani. Akamwoa Diana, Mchaga wa Marangu aliyefanya kazi katika ofisi ya bima mjini, wakajenga Kisongo, huko chini kwenye upepo na vumbi. Nkasiogi alimpenda mkwe wake. Hili lisemwe mapema, kwa sababu watu wakisikia habari ya mkwe na mama mkwe huanza kutafuta ugomvi hata pasipo ugomvi. Diana hakuja Olmotonyi mikono mitupu hata siku moja, na akimwona mama mkwe amebeba kuni alivua viatu vyake vya ofisini, akampokea mzigo.

Taabu ya Diana ilikuwa tumbo. Vidonda vilimtesa miaka mingi, akala vidonge mpaka akavichukia. Ndipo akampata Violet, mwanamke mmoja wa mjini aliyewafundisha kina mama kula vyakula visivyopikwa na visivyotoka kwa mnyama. Nyama hapana, maziwa hapana, yai hapana, hata asali hapana. Jiko likae baridi. Diana akajaribu kwa shida, akavumilia, na baada ya miezi kadhaa tumbo likatulia. Tumtendee haki. Mtu aliyelala na maumivu miaka yote hiyo, halafu akapata usingizi kwa parachichi na tango, wewe utamwambia nini? Anayeamini kwa tumbo lake mwenyewe hang'olewi kwa maneno.

Tajeu yeye hakubishana. Akirudi kutoka mbugani alitafuna karoti na kumsifu mkewe, wakati mchuzi wa mbuzi aliokula njiani bado unamnukia mikononi. Mtu mzima ana njia zake za kupita. Mtoto hana.

Mtoto alikuwa Princess. Jina hilo halikukaa vizuri mdomoni mwa Nkasiogi, basi yeye alimwita mjukuu tu, na mtoto akamwita koko, yaani bibi. Alinyonya vizuri, akaachishwa, akaingizwa kwenye chakula cha mama yake. Diana alitaka mtoto asirithi lile tumbo. Alilitaka kwa upendo, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa, kwa sababu uovu ungekuwa rahisi kuukemea. Wasichana wa kazi hawakukaa. Nani atakaa kwenye nyumba isiyosonga ugali? Mwishowe Diana akawa anampandisha mtoto Olmotonyi asubuhi kabla ya kwenda kazini, na vibakuli vyake vya plastiki: karanga zilizolowekwa, choroko zilizoota, ndizi mbivu, parachichi, karoti iliyokwaruzwa.

“Mama, naomba unisaidie jambo,” alimwambia siku ya kwanza. “Asile kitu cha mnyama, na asile kilichopita motoni. Moto ndio unaoua chakula.”

“Hata uji?”

“Hata uji, mama.”

“Na akilia?”

“Atazoea. Mimi nilizoea.”

Nkasiogi alichukua vibakuli, akavipanga mezani na kuvifunika kitambaa.

Kwa muda mambo yalikwenda. Lakini mtoto hakunenepa. Wenzake wa jirani walipokimbizana na kuku, yeye alikaa kwenye kizingiti na kuwatazama. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, na maneno aliyokuwa ameanza kuyasema yakawa yanapungua badala ya kuongezeka. Mchana alilala kwa muda mrefu mno. Nkasiogi alimwinamia kusikiliza kama anapumua, na kila alipoinama alimwona yule mwingine, yule wa mwaka wa ukame. Safari hii ng'ombe alikuwa zizini, amejaa maziwa, hatua chache kutoka kitandani. Penye miti hapana wajenzi. Alikuwa akiona uchungu mpaka meno yanamuuma.

Akampigia Tajeu, aliyekuwa mbugani na watalii wake.

“Mtoto wako anaisha,” akamwambia.

“Yeyo, Diana amesoma,” Tajeu akajibu. Yeyo ndiyo mama kwa lugha yao. “Hayo ni mambo ya jikoni. Mimi nianze kuuliza mtoto kala nini?”

Na kwa kweli kwao mwanaume haulizi. Hafunui chungu, hajimiminii maziwa kutoka kwenye kibuyu, na akifanya hivyo watu watamcheka mpaka azeeke. Nkasiogi mwenyewe ndiye aliyemlea hivyo, akampiga kofi udogoni kwa kuchungulia sufuria. Sasa mwanawe alikuwa mwanaume mwenye adabu zake kamili, na adabu hizo hazikumsaidia mtoto kwa lolote.

Akabaki na Diana. Alingoja jioni moja alipokuja kumchukua mtoto, akamkaribisha kiti.

“Diana, mwanangu, mimi naona mtoto hana damu.”

Diana alimtazama mtoto, akamtazama yeye. “Violet amesema mwanzoni hukonda. Mwili unatoa uchafu.”

“Uchafu gani kwa mtoto wa miaka miwili?”

“Mama.” Alisema kwa upole, na upole huo ulikuwa mgumu kuliko ukali. “Nakuheshimu sana. Lakini nikijua anapewa kitu kingine, nitamtafutia mahali pengine pa kukaa. Sitaki tufike huko.”

Hawakufika huko siku ile. Diana alimbeba mtoto mgongoni, akaaga kwa heshima zote. Nkasiogi alikaa palepale kibarazani mpaka kuku wakapanda kulala bila mtu wa kuwafungia. Alikuwa ameambiwa wazi: mtoto angeweza kuondolewa. Na mtoto akiondoka, nani atamsikiliza anavyopumua?

Mvua za vuli zilianza. Alasiri moja Nkasiogi alikuwa akikamua, na Princess amesimama mlangoni mwa zizi kashika nguzo kwa mikono yote miwili. Povu lilipopanda kwenye ndoo, mtoto akanyoosha kidole. Hakulia, hakusema. Alinyoosha kidole tu na kungoja. Kwao, mtu akikukuta unakamua humwachi aondoke na koo kavu, awe mgeni, awe adui, sembuse damu yako.

Nkasiogi aliingia jikoni na maziwa kidogo kwenye sufuria. Akayatenga juu ya mafiga kama siku zote, akainama kupuliza makaa. Hapo akasita. Diana alikuwa amempa makatazo mawili, la mnyama na la moto. Moja alikuwa anakwenda kulivunja, na hilo lilimwia zito, maana hakuwa mtu wa kudharau neno la mwenye mtoto. Basi la pili, akajiambia, la pili nitalishika. Nisimvunjie yote. Akaiepua sufuria kabla haijapata joto, akamimina yale maziwa mabichi kwenye kikombe, akampa mtoto.

Watu wengine huvunja sheria kwa kiburi. Huyu aliivunja nusu kwa heshima, na ile nusu aliyoitii ndiyo iliyokuja kumponza. Ningekuwepo ningempulizia makaa mimi mwenyewe.

Princess alikunywa, akashusha pumzi, akageuza kikombe kuona kama kimebaki kitu. Kesho yake tena. Ikawa desturi ya alasiri, kisha na ya asubuhi. Vibakuli vya Diana navyo vililiwa, Nkasiogi alihakikisha, ili asiseme uongo akiulizwa kama mtoto kala. Hakuulizwa zaidi ya hapo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hii haikuwa na maneno ya kutosha ya kusema.

Mtoto akabadilika. Viganja vikapata rangi, mashavu yakajaa, akaanza kuwafukuza kuku. Krismasi ilipofika alikuwa akiimba nusu ya nyimbo za kanisani kwa maneno yake mwenyewe. Diana alifurahi mpaka akatoa machozi. “Unaona, mama,” alisema, “nilikuambia mwili unangoja tu.” Nkasiogi aliinama kuokota kitu ambacho hakikuwepo chini. Miezi ile alikuwa na furaha kuliko alivyopata kuwa tangu ujana wake. Hilo pia lazima lisemwe, kwa sababu baadaye alijaribu kujisadikisha kwamba alikuwa akiteseka, na haikuwa kweli.

Homa ilianza masika. Ilikuja jioni, ikaondoka asubuhi, mtoto ameloa jasho. Wakapima malaria, hakuna. Wakampa dawa ya homa, ikapoa kidogo, ikarudi. Akaacha kula. Halafu asubuhi moja Diana alimsimamisha kitandani, mtoto akaukunja mguu wa kushoto na kulia asiuguse chini. Ndipo wakampeleka hospitali kubwa mjini, akalazwa, na Nkasiogi akateremka na kitenge chake na chupa ya chai kukaa naye.

Daktari wa wodi ya watoto aliitwa Ludovick, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini. Alimbonyeza mtoto taratibu, nyonga, goti, tumbo, kisha akavuta kiti.

“Huku kwetu homa ya namna hii, inayokuja na kuondoka na kushika viungo, mara nyingi ni ya maziwa mabichi,” alisema. “Mtoto anakunywa maziwa yasiyochemshwa?”

Diana alinyanyua kichwa. Kulikuwa na kitu ambacho alikuwa na uhakika nacho hapa duniani, na daktari alikuwa amekigusa. “Mwanangu hajaonja maziwa ya ng'ombe tangu aache ziwa langu. Wala nyama, wala yai.”

“Hata kwa jirani? Hata kwa bibi?”

“Bibi yake anajua. Muulize.”

Daktari alimgeukia Nkasiogi. “Shikamoo, bibi.”

“Marahaba,” akasema Nkasiogi. Baada ya hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa nafasi ndogo, lakini neno lingetosha kuingia. Yeye alitazama kikombe cha chai kilichokuwa mkononi mwake. Daktari akaona mwanamke mzee aliyechoka, akarudi kwa Diana. “Basi hilo tuliache,” akasema. “Niambie huwa anakula nini.”

Diana akaeleza. Daktari alisikiliza, na uso wake ukawa unabadilika. Akamwambia kwamba mtoto asiyekula kabisa kitu cha mnyama hakosi kuhitaji vitamini za nyongeza na vipimo vya damu mara kwa mara, na kwamba kuna watu wanaolea watoto hivyo kwa uangalizi, lakini si kwa kubahatisha. Aliwahi kupewa nyongeza yoyote? Hapana, Violet alisema vidonge ni sumu ileile kwa jina jingine. Daktari akapumua. Tangu saa ile, kila muuguzi aliyekuja kitandani alikuwa amekwisha kusikia habari ya mama aliyemlisha mwanawe majani, na walimsemesha Diana kwa ncha ya ulimi.

Tajeu alifika na vumbi la mbugani kwenye kofia. Alimtazama mtoto, akamtazama mkewe, na mwanaume yule asiyeuliza habari za chungu akapata sauti yake siku isiyohitajika.

“Umeniulia mtoto kwa majani,” alisema, mbele ya wodi nzima.

Diana aliinamisha kichwa. Tajeu akamgeukia mama yake. “Yeyo, uliniambia, sikukusikia. Akitoka hapa atakaa kwako moja kwa moja. Atakula unachoona wewe kinafaa.”

Tazama jinsi dunia ilivyo. Kile alichokililia mwaka mzima aliletewa mikononi, na bei yake ilikuwa ni kukaa kimya tu. Na Nkasiogi akakaa kimya. Mimi kosa la kikombe nalielewa, na moyo wangu unamhurumia. Lakini ule ukimya wa pale, mkwe wake ameinamisha kichwa anabeba mzigo wa watu wawili, ndio unaonikaa kooni mpaka leo. Ulimkaa na yeye. Alitoka akaenda kwenye korido kumngoja daktari peke yake, akamwona anakuja, akasimama. Daktari akamwamkia kwa haraka, akapita na watu wake. Nkasiogi akarudi akakaa. Alijiambia kwamba labda si maziwa. Alijiambia kwamba daktari alikuwa akiuliza tu, ni kazi yao kuuliza. Alijiambia kwamba vipimo vitaona vyenyewe, hakujua kwamba kipimo huona kile kilichotumwa kukitafuta.

Siku zikapita na dawa zisizo za ugonjwa ule. Homa ikapanda, nyonga ikavimba, mtoto akawa analia hata kwa kugeuzwa. Alimwita koko, hakumwita mama, na Diana alisimama pembeni akaona. Kisha daktari Ludovick akaja na mwenzake wa mifupa. Walisema kesho yake wataingia chumba cha upasuaji, wakifungue kiungo cha nyonga waone ndani kuna nini, na wachukue kipande kidogo cha mfupa kupima. Hawakulitaja jina la ugonjwa waliouogopa, ila Diana alilielewa, saratani. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

Walipobaki wao watatu, wawili wazima na mtoto aliyesinzia, Diana aliushika mkono wa mama mkwe wake.

“Mama, nisamehe,” alisema. “Uliniambia hana damu. Ningekusikiliza tusingefika hapa. Nisamehe mimi.”

Kuna mambo ambayo mtu anaweza kuyavumilia, matusi, njaa, hata kuzika. Kuombwa msamaha na uliyemkosea hakuvumiliki. Nkasiogi aliuondoa mkono wake kama ulioungua.

“Usiniombe msamaha,” akasema. “Mwite daktari.”

Alisema mbele yao wote wawili, amesimama, kwa Kiswahili chake cha mlimani ambacho siku ile kilikuwa kizito zaidi. Kwamba alimpa maziwa. Kwamba ni ya ng'ombe wake. Kwamba ni tangu vuli, asubuhi na alasiri, kila siku aliyoletwa.

Daktari aliacha kuandika. “Yalichemshwa?”

“Hayakuchemshwa.”

“Bibi, wewe nyumbani kwako unakunywa maziwa mabichi?”

“Sijawahi.”

“Sasa kwa nini mtoto?”

Nkasiogi alimtazama Diana. “Aliniambia asipewe cha mnyama, na asipewe kilichopita motoni. Cha mnyama nilimpa. Nikaona angalau hili la moto nimheshimu.”

Nadhani katika kazi yake daktari alikuwa amesikia mengi, lakini hili hakuwa amelisikia. Akauliza kama ng'ombe huyo amewahi kutupa mimba, maana ndiyo dalili ya homa hiyo kwa ng'ombe. Nkasiogi akasema ndiyo, mwaka uliotangulia, ndama alitoka hajafikia siku zake. Daktari akafunga jalada, akatoka kwa mwendo wa mtu anayekwenda kusimamisha jambo.

Upasuaji uliahirishwa. Damu ikachukuliwa upya kwa ajili ya ugonjwa ule wa maziwa, na jibu likarudi kwamba ndio. Kuna dawa, wakaambiwa, zitanywewa majuma mengi bila kuruka. Homa itashuka. Kuhusu nyonga daktari hakuahidi. Alisema imekaa na ugonjwa kwa muda, na mengine yataonekana siku mtoto atakapoanza kutembea. Alilisema hilo akimtazama Diana, si Nkasiogi, na hiyo ilikuwa ni huruma.

Nkasiogi aliingoja hasira. Aliitaka kabisa, kama mtu anavyotaka mvua inyeshe imalize. Alitaka Diana apige kelele, amfukuze, amwambie hatamwona mtoto tena maishani. Diana alikaa kwenye kiti cha plastiki cha wodini, mikono mapajani.

“Tangu vuli,” akasema.

“Tangu vuli.”

“Kwa hiyo kunenepa kule. Ile Krismasi.”

Diana akatoa simu kwenye mkoba, akaitazama, akaielekeza kwake ili aone. Ilikuwa picha ya Princess uani Olmotonyi, ameshika kuku, mashavu yamejaa, anacheka. Chini yake palikuwa na maneno mengi na mioyo mingi midogo.

“Hii niliituma kwenye kundi letu la kina mama,” Diana akasema. “Violet akaisambaza. Yuko mmoja, Maulida, anakaa Terrat, ana mtoto wa kiume mdogo kuliko Princess. Alitaka kuacha. Mwanawe alikuwa anakonda, mumewe anamgombeza. Nikamwandikia asiache. Nikamwambia mimi pia nilipitia, na aitazame hii picha kila anapokata tamaa.”

Alisema yote hayo bila kupandisha sauti. Kisha akampigia Maulida palepale kwa kipaza sauti, simu ameilaza kitandani. Ikaita. Upande wa pili ikapokelewa na sauti ya mwanamke kijana, yenye uchovu lakini yenye furaha ya kupigiwa.

“Dada Diana, za siku? Nimesikia Princess anaumwa, nimemwombea dua. Sisi tunaendelea hivyo hivyo. Huyu wangu bado hajanenepa, sasa hivi hata kukaa hataki, analala tu. Lakini navumilia, dada. Naitazama picha kama ulivyonielekeza.”

Diana alimtazama mtoto kitandani. Machozi ambayo hakuyatoa kwa Tajeu wala kwa wauguzi yalimshuka mpaka shingoni. Akaisukuma simu juu ya shuka, ikapita karibu na mguu wa mtoto, ikafika kwa mama mkwe wake.

“Mwambie wewe,” akanong'ona.

Nkasiogi aliichukua kwa mikono miwili. Hakuwa amezoea simu za namna ile, na hakujua aisogeze wapi mdomoni. Kutoka ndani yake yule mwanamke wa Terrat alikuwa akiita, halo, dada Diana, halo.

“Mimi ni bibi yake Princess,” akasema Nkasiogi. “Mwanangu, nisikilize vizuri. Yale mashavu unayoyaona kwenye picha ni ya ng'ombe wangu.”